Mbaazi Chini ya Mahindi: Jinsi Mwandishi Anavyozoea Kiti

Mgeni akipita kwenye mashamba ya Sigino majuma sita baada ya kupanda ataona mahindi. Ni kweli yapo, tena yanajionyesha, yamefika magotini na majani yanameta. Mbaazi zilizopandwa siku ileile katikati ya mistari haziulizwi na mtu. Zina kimo cha kiganja, vijani viwili vitatu, na jembe la mwenye haraka linaweza kuzifyeka pamoja na magugu. Baadaye mahindi yanakomaa, yanavunwa, mabua wanapewa ng'ombe, na shamba ambalo mgeni angedhani limemaliza kazi linaanza kuwa kijani upya. Mbaazi zimepata jua. Zinampita mtu kwa urefu, na maua yake ya njano yanajaa nyuki.

Nina shamba la namna hiyo nyuma ya nyumba, katika kata hii ya Mji wa Babati, na ukisimama mlangoni unauona Mlima Kwaraa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa pia na kaunta buku tatu kabatini, kila moja imeandikwa kurasa kumi au kumi na mbili za mwanzo, zilizobaki nyeupe. Riwaya tatu, na zote zilikufa kabla ya mwezi wa pili. Nilipoanza kulisema jambo hili mbele ya watu niligundua kwamba kaunta buku za namna hiyo zimejaa mtaani: kwa mwalimu, kwa fundi cherehani, kwa kijana wa bodaboda anayetunga mashairi kituoni akingoja abiria. Wenye madaftari hayo hujilaumu kwa maneno yanayofanana. Mimi mvivu. Mimi sina kipaji. Nataka makala haya yawapunguzie lawama hiyo, kwa sababu wanaochunguza mazoea, kwa watu na kwa panya, wameonyesha kuwa kosa liko kwingine. Tunajaribu kukizoea kitu kisichozoeleka, na kile kinachozoeleka tunakiacha bila kukipangia.

Tuanze na hesabu ya siku, kwa kuwa hapo ndipo kaunta buku nyingi hufia. Redioni na kwenye semina za hamasa utasikia kwamba mazoea hujengwa kwa siku 21. Hesabu hiyo hunasibishwa na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu kwa upasuaji. Katika kitabu chake cha 1960 alieleza kuwa wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Neno “angalau” likadondoka njiani, upasuaji ukasahauliwa, ikabaki amri kwa kila mtu na kila jambo. Mwandishi mchanga anaamka siku ya 22, anakuta kukaa mezani bado ni mateso, anaamua kwamba hakuumbiwa kazi hii.

Kipimo chenyewe kilikuja baadaye sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12. Kila mmoja alichagua jambo moja la kufanya kila siku kwa kulifungamanisha na tukio lilelile: kula tunda wakati wa chakula cha mchana, kunywa maji, kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kila siku alijaza fomu kueleza jambo hilo limefikia wapi katika kujiendea lenyewe, bila kulazimika kulikumbuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Aliyekuwa katikati ya wenzake alihitaji siku 66. Mwepesi kuliko wote alitumia siku 18, na kwa aliyekuwa mzito zaidi ilikadiriwa angefika siku ya 254. Mazoezi ya mwili yalichelewa kuzoeleka kuliko kunywa maji. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Riwaya yangu ya kwanza ilikufa kwa kutolijua hilo la mwisho. Nilikwenda kuzika jirani, jioni nikarudi nimechoka, sikuandika. Kesho yake nikajiona nimevunja nadhiri, na nadhiri iliyovunjika haina utamu wa kuendelezwa. Sikuwa nimepoteza chochote zaidi ya siku moja ya msiba.

Kuna jambo jingine katika matokeo yale, na hapo mfano wangu wa mbaazi, zinazojificha mwanzoni kama mazoea machanga, unadai marekebisho. Mazoea hayalali kwanza kisha yakachipuka kwa ghafla. Hukua kwa kasi zaidi mwanzoni: marudio ya wiki ya kwanza na ya pili huongeza zaidi kuliko marudio ya wiki ya nane, isipokuwa yanaanzia chini mno hata mwenyewe asione. Mkulima wa mbaazi analijua hili mikononi mwake. Mbaazi changa haina ubavu wa kushindana na magugu. Ukiikosesha palizi ya kwanza, palizi ya tatu haitakurudishia. Ndiyo maana majuma mawili ya mwanzo, yale yanayoonekana hayana faida, ndiyo ya kulindwa kwa wivu.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Chini ya gamba la nje la ubongo kuna mafungu ya seli, na mojawapo huitwa striatamu. Ann Graybiel na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipachika nyaya nyembamba mno katika striatamu za panya, wakawafunza kukimbia katika njia yenye umbo la herufi T, chokoleti ikiwangoja mwishoni. Siku za kwanza seli zilichangamka mwendo mzima, kama mgeni anayeshangaa kila kona. Baada ya mafunzo, katika kazi waliyoichapisha 1999, uchangamfu ulikuwa umejikusanya mwanzoni na mwishoni, katikati pametulia. Ubongo ulikuwa umeufunga mwendo wote kuwa furushi moja, lenye fundo huku na fundo kule.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu. Msimulizi hakuanza hadithi hivihivi. Alisema “Paukwa!” nasi tukaitika “Pakawa!”, au “Hadithi, hadithi!” tukamjibu “Hadithi njoo!”, na mwishoni yalikuwapo maneno ya kufungia. Katika jamii nyingi za huku kwetu hadithi ilikuwa ya usiku, chakula kikishaliwa. Kumwomba bibi akuhadithie jua likiwaka ilikuwa kumkosea. Saa ileile, mahali palepale, neno lilelile la kufungulia. Sikumbuki hata usiku mmoja ambao bibi alisema leo hadithi hazimjii.

Wataalamu huita kitu cha namna ya “Paukwa” ishara, na nguvu zake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2011 David Neal, Wendy Wood na wenzao walichapisha jaribio la bisi. Watazamaji wa sinema walipewa bisi, wengine mpya, wengine za wiki nzima zilizokwisha kunywea. Waliozoea kula bisi sinemani walizila za zamani kwa wingi karibu sawa na mpya, ingawa waliulizwa na wakakiri kwamba hazina ladha. Walipojaribiwa watu katika chumba cha mikutano, mbali na giza na viti vya sinema, bisi mbovu zililiwa kidogo kuliko mpya. Ni mahali palipowalisha, wala si njaa wala utamu.

Hapo ndipo pa kuuliza: je, mahali panaweza kumwandikisha mtu? Jibu langu, baada ya kusoma na baada ya kujaribu, ni hapana, na kulikubali hilo ndiko kulikonifungulia njia. Ronald Kellogg, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia miaka mingi kupima uzito wa kuandika. Aliwapa watu kazi ya kuandika, kisha mlio ukipigwa ghafla waonyeshe kuwa wameusikia. Kadiri mtu alivyochelewa kujibu, ndivyo akili yake ilivyokuwa imezama. Uzito alioupata unakaribiana na wa mchezaji hodari wa sataranji anayechagua kete ya kusogeza. Kitu cha uzito huo hakiwezi kujiendea chenyewe kama kupiga mswaki. Sentensi ya leo haijawahi kuandikwa, hivyo ubongo hauna furushi la kuitolea. Mtu anayengoja siku ambayo kuandika kutakuwa kwepesi kama kufunga kamba za viatu atangoja sana.

Kinachozoeleka ni kukaa. Watafiti wa mazoea, miongoni mwao Benjamin Gardner wa Uingereza, hutenganisha mazoea ya kuanza jambo na mazoea ya kulitenda. Katika utafiti juu ya mazoezi ya mwili, ulioandikwa na Alison Phillips pamoja naye mwaka 2016, waliokuwa na mazoea ya kuanza ndio waliofanya mazoezi mara nyingi zaidi, hata kama ndani ya mazoezi yenyewe walibadilisha hiki na kile. Kwa mwandishi maana yake ni hii: kuvuta kiti, kufungua kaunta buku, kuandika tarehe juu ya ukurasa. Hayo matatu yanaweza kufungwa furushi. Yanayofuata yatakuwa kazi ngumu leo, na yatakuwa kazi ngumu mwaka wa kumi pia.

Na kukaa kunapangwa kwa namna ambayo haina gharama. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, nchini Ujerumani, waliwataka wanafunzi waandike taarifa fupi ya jinsi walivyousherehekea mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya saa 48 baada ya mkesha wenyewe. Kila mtu anajua zilivyo siku hizo mbili: wageni, nyama, usingizi wa mchana. Nusu ya wanafunzi waliambiwa wataje mapema ni saa ngapi na mahali gani watakapokaa kuandika. Nusu nyingine hawakuambiwa. Katika matokeo ya 1997, zaidi ya theluthi mbili ya waliotaja saa na mahali waliandika. Katika kundi lingine ni kama theluthi moja tu. Hawakuongezewa kipaji, wala muda, wala hamasa. Walitaja kiti na saa.

Lakini mzuka je? Ndilo swali ninaloulizwa kila mara, hasa na vijana washairi, na si swali la kupuuzwa. Wanaamini kuwa wazo jema huja lenyewe, na ukilikalia kila siku kwa lazima utapata maneno makavu. Robert Boice alilipima hilo kwa wahadhiri 27 nchini Marekani. Kundi la kwanza walikatazwa kuandika ila pakiwa na dharura. La pili waliandika walipojisikia. La tatu waliwekewa vipindi na idadi ya kurasa, na kila aliyeshindwa, hundi aliyokwisha kuitia saini ilitumwa kwa kikundi anachokichukia kwa roho yake yote. Boice aliwataka pia waandike kila wazo jipya lililowajia.

Kurasa zilikuwa kama ungetarajia: wastani wa 0.2 kwa siku kwa waliokatazwa, 0.9 kwa waliongoja kujisikia, 3.2 kwa waliolazimishwa. Mawazo ndiyo yaliyonishangaza. Waliokatazwa walipata wazo jipya kila siku tano hivi, waliongoja kujisikia kila siku mbili, na waliolazimishwa kila siku. Watu tisa kwa kila kundi ni wachache, na mhadhiri si mtunzi wa riwaya, kwa hiyo siwezi kuapa kwa matokeo ya mwaka huo wa 1983. Hata hivyo yanalingana na ninachokiona. Mzuka hupanda kwa aliyekwisha kukaa. Mhusika wangu aliyekataa kusema kwa siku nne aliniambia jina la mama yake siku ya tano, nikiwa nakamua ng'ombe, na nina hakika asingeniambia kama siku zile nne ningekuwa nimelala.

Waliotutangulia wanatoa ushahidi wa namna nyingine. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, akahama idara moja hadi nyingine za serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini, na vitabu vyake vingi alivitunga akiwa mtumishi wa ofisi za watu. Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya Vita Kuu ya Pili, una beti zipatazo 3,000. Ubeti wa utenzi ni mfupi, unaweza kutungwa baada ya chakula cha jioni. Beti elfu tatu zinadai jioni nyingi mno. Nafikiria pia barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilizokusanywa na kuchapishwa baadaye. Kwa mtu anayetafuta pa kuanzia, barua ni shule nzuri kuliko riwaya: ina anayengoja jibu.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mwandishi wa habari alipotunga Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyotoka kama kitabu 1960. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare. Tafsiri ilitoka 1963, akiwa Rais. Tukisema hatuna nafasi, tuseme tukiyakumbuka hayo. Na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefungwa bila mashtaka katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima wa 1978, aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Sipendi inaposimuliwa kana kwamba jela ni mahali pazuri pa kuandikia. Alinyang'anywa uhuru, akabakiza kukaa na kuandika, akakushikilia.

Mashauri mengi ya uandishi yanayotufikia yametoka kwa watu wa maisha mengine, na hapa nina neno. Kisa cha Anthony Trollope, mtumishi wa posta wa Uingereza katika karne ya 19, husimuliwa mara nyingi: saa kumi na moja na nusu alfajiri yupo mezani, saa yake imewekwa mbele, maneno 250 kila robo saa, kisha anakwenda kazini. Aliacha riwaya 47. Kinachosahauliwa, naye mwenyewe alikiandika, ni kwamba alimlipa mtumishi wake pauni tano zaidi kwa mwaka amwamshe na kumletea kahawa. Mwanamke wa Sigino mwenye kaunta buku yake, saa kumi na moja na nusu ndiye anayewasha moto. Ukimwambia aamke saa kumi unamwambia apunguze usingizi ambao tayari hautoshi. Mwambie badala yake atafute ishara iliyokwisha kuwamo ndani ya siku yake: ndoo ya maji ikishatuliwa, mtoto akishavalishwa sare na kutoka, sufuria ya maharage ikiwa jikoni na haimhitaji kwa robo saa. Maharage yanachukua muda mrefu kuiva. Robo saa hiyo ni yake.

Maana hesabu haitishi. Maneno 150 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka: ni maneno 30,000, riwaya fupi. Nimeacha wiki 12 makusudi, kwa kuwa mvua zikianza mtu wa huku yuko shambani na jua humkuta na kumwacha huko.

Msimu wa kupanda ndio ulioiua riwaya yangu ya pili, na sasa najua ulivyoiua. Mwaka 2005 Wendy Wood na wenzake walichapisha habari za wanafunzi waliohama chuo kimoja kwenda kingine. Mazoea yao ya mazoezi, ya kusoma gazeti, ya kutazama televisheni, yalisalimika pale tu mazingira ya chuo kipya yalipofanana na ya kile cha zamani. Mahali pakibadilika, ishara inapotea, na mazoea yanabaki hayana wa kuyaamsha. Mtu hajawa mvivu, amehama. Ng'ombe wanapokamuliwa na mtu mwingine kwa kuwa mimi nimetangulia shambani, saa yangu ya kuandika, ambayo ni baada ya kukamua, haipo tena duniani. Kwa hiyo msimu wa kilimo naupangia ishara yake: uji unapoletwa, chini ya mti, sentensi mbili katika kidaftari cha mfukoni. Sentensi mbili hazijengi sura ya kitabu. Zinalinda kukaa.

Wengine huruka haya yote wakingoja shindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyokabidhiwa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, imeamsha kaunta buku nyingi, na naishukuru kwa hilo. Ila tarehe ya mwisho ikikaribia watu hukesha wiki nzima, hukohoa, huchapa hadi asubuhi, kisha hawaugusi tena uandishi mwaka mzima. Boice, katika makala ya 1997, aliwalinganisha waandishi wa mikesha na waandishi wa vipindi vifupi vya kila siku. Wa mikesha waliandika kidogo zaidi kwa jumla, na walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona.

Mwaka jana, mahindi yakiwa yameshaingia ndani na mbaazi zikianza kutoa maua, tulipata mgeni, shemeji yangu, akalazwa sebuleni, ilipo meza yangu ya kuandikia. Alfajiri nilikamua, nikamkabidhi mchukuzi wa maziwa dumu lake, pikipiki ikaondoka. Baada ya hapo kuna dakika chache nisizozikumbuka. Nilipojitambua nilikuwa stoo, nimekaa juu ya gunia, tochi ya simu nimeibana begani kwa kidevu, kaunta buku iko gotini na tarehe imekwisha kuandikwa juu ya ukurasa. Siku hiyo nilipata nusu ukurasa. Sehemu kubwa nimeifuta, lakini sentensi moja bado imo katika sura ya nne.